Kwa Miguu Kutoka Pugu Hadi Mbwawa

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, tarehe 14 Juni 2024, watu wengi wamezoea kuvuka nchi ya Wazaramo bila ya kuiona. Kichwa cha treni hiyo chaweza kwenda kilomita 160 kwa saa, na abiria aliyeketi dirishani, kabla hajamaliza kukunjua gazeti lake, amekwisha kuiacha Pugu nyuma na Soga yaja mbele. Sisi hatulaumu jambo hilo. Reli mpya ni kazi kubwa ya Taifa, na jiwe lake la msingi liliwekwa papo hapo Pugu, tarehe 12 Aprili 2017. Lakini twasema kwamba katika nchi ile iliyo baina ya vilima vya Pugu na bonde la Ruvu, ambayo upande wake mmoja ni Kisarawe na upande wa pili ni Kibaha, imo historia ya wafanyakazi isiyosomeka kutoka dirishani. Historia hiyo husomwa kwa miguu.

Ndugu wasomaji watauliza: kutembea kwa miguu kuna sifa gani, hali watu wa Mbwawa na Soga hutembea kila siku kwenda mashambani na hapana gazeti lililowahi kuwasifu? Swali ni la haki. Twajibu kwamba yako matembezi ya kufika na yako matembezi ya kujua. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda kwa pamoja mlima wa Kinder Scout huko Uingereza, ambao wenye ardhi waliufungia watu, na baadhi yao walifungwa jela kwa mashtaka ya ghasia. Wale hawakuwa na haja ya kufika mahali. Walidai haki ya kuijua nchi yao. Na jirani zetu wa Kenya, ambao reli yao ilijengwa na mabwana wa namna ile ile, waliifungulia Makumbusho ya Reli mjini Nairobi tangu mwaka 1971. Sisi tuna reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905, na mtoto wa Kisarawe hana pa kuonyeshwa habari zake ila na babu yake, kama babu yu hai.

Kwa hiyo twapendekeza njia ya matembezi. Ianzie Gongo la Mboto, ipande Pugu, ipite kwenye machimbo ya udongo mweupe na kando ya msitu, kisha ishuke kwa njia za vijiji kuelekea Soga, na kuishia Mbwawa, kata ya Mji wa Kibaha iliyo jirani na Soga. Kwa mtu asiye na haraka ni mwendo wa siku mbili. Hatusemi watu watembee juu ya reli: sheria yakataza, na treni ya mizigo haina salamu. Ziko njia za miguu na barabara za udongo zinazokwenda sambamba na reli au kuikaribia, na hizo zatosha.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa ardhi ndiyo iliyoamua reli ipite wapi na ipite kwa shida gani.

Atokaye ufukoni Dar es Salaam hukanyaga kwanza mwamba wa matumbawe, ambao zamani ulikuwa chini ya bahari, na ambao mababu waliuchonga na kuuchoma chokaa ya nyumba zao. Baadaye hufuata mchanga wa tambarare mpaka Gongo la Mboto. Kisha ardhi huinuka. Vilima vya Pugu havizidi sana mita 300 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyezaliwa Kilimanjaro huenda akacheka kusikia tukiviita vilima. Lakini dereva wa gari la moshi hakucheka. Kwake yeye hapo ndipo mwinuko wa kwanza ulipoanza, maili chache tu tangu atoke bandarini, moto haujakolea vizuri na mabehewa yamejaa.

Tena si mwinuko peke yake. Vilima vile havikufanywa kwa mwamba mgumu. Wataalamu wa miamba wasema kwamba katika zama ziitwazo Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, mito iliyotoka bara ilikuja kumwaga mchanga na changarawe mahali pale, kama Rufiji imwagavyo leo huko deltani. Ndani ya mchanga ule mlikuwa na vipande vya madini ya feldispa, ambayo kila mwenye kutazama jiwe la bara huyaona yaking'aa rangi ya maziwa au ya waridi. Madini hayo yakiloweshwa na maji ya nchi za joto kwa muda mrefu huoza, yakageuka udongo mweupe laini kama unga. Huo ndio udongo wa kaolini, utumikao kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Akiba ya Pugu ni kubwa mno, nayo yatajwa miongoni mwa akiba kubwa za udongo huo duniani.

Sasa tazama mambo ya udongo huu mvua inyeshapo. Maji hupita katika mchanga bila ya kizuizi, yakashuka mpaka yakutane na tabaka la kaolini. Hapo hayapiti. Hugeuka yakaenda ubavuni, mpaka yatokee kwenye mteremko kama chemchemi. Mchanga ulio juu hukaa juu ya utelezi, na mtu akikata kilima ili apitishe reli, amekata mguu wa kitu kilichokuwa kimesimama kwa shida. Masika ikija, ukingo huporomoka. Kwa sababu hiyo kazi ya magenge ya njia katika vilima vya Pugu ilikuwa, zaidi ya kukaza mataruma na kushindilia kokoto, kazi ya kuyaongoza maji: kuzibua mifereji, kusafisha kalavati, kuondoa udongo ulioanguka usiku kabla treni ya asubuhi haijafika. Mkubwa wa reli aliyeketi ofisini mjini hakuyajua maji ya Pugu kama alivyoyajua mnyapara wa genge.

Karibu na machimbo ya kaolini lipo handaki la zamani la reli, la enzi za Wajerumani, ambalo treni haipiti tena. Yapo pia mapango yaliyotokana na uchimbaji wa udongo, na popo waliofanya makao humo hutoka jua lichwapo kwa wingi wa kumfanya mtu asimame kinywa wazi. Wageni huja kuwatazama popo, nasi twafurahi waje. Ila twaona ajabu kwamba mtu aweza kusimama mbele ya handaki lile, akapiga picha, akaondoka, asisikie hata neno moja juu ya mikono iliyolichimba.

Na mikono hiyo ilikuwa ya nani?

Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwezi Februari 1905, chini ya kampuni ya Kijerumani, na mkandarasi alikuwa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Morogoro ilifikiwa mwishoni mwa mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita vikuu. Yaweka tarehe hizo kando ya nyingine, ndugu msomaji. Vita vya Maji Maji vililipuka Umatumbi mwezi Julai 1905, yaani miezi mitano tu baada ya jembe la kwanza la reli kupigwa. Moto ule ulifika Uzaramo. Kibasila, mkuu wa Kizaramo wa Kisangire, alinyongwa na Wajerumani, na jina lake leo ni jina la shule mjini Dar es Salaam. Kwa hiyo tuta la reli lilipokuwa likipanda Pugu na kushuka kuelekea Ruvu, nchi iliyo kusini yake ilikuwa ikiungua, na miongoni mwa watu walioletwa kufanya kazi kwenye reli walikuwamo mateka wa vita hivyo. Walishindwa vitani, wakapewa sururu.

Wengine walikuja kwa mshahara, nao walitoka mbali. Wanyamwezi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wachukuzi wa pembe na nguo katika njia ya misafara, waliijenga kwa mikono yao reli iliyokuja kuiua kazi yao ya uchukuzi. Waliokuwa wakipita nchi hii na mzigo kichwani, sasa walikata mlima ili mzigo upite bila wao. Sehemu za kazi ziligawiwa makandarasi wadogo, wakiwamo Wagiriki, na kila mmoja alitafuta faida yake katika mgongo wa mfanyakazi. Vyombo vilikuwa sururu, jembe, karai, kikapu na baruti. Mtu akitazama leo mkato wa kilima karibu na Pugu, na ahesabu kikapu baada ya kikapu, atajua kwamba kilichoondoka pale si udongo peke yake.

Hapa twafikia jambo lililotufanya tushike kalamu. Kule Gongo la Mboto, kabla ya kuanza kupanda, liko eneo la makaburi lililotunzwa vizuri. Ndimo walimozikwa mafundi na wafanyakazi wa Kichina, zaidi ya 60, waliofariki wakati wa kazi ya kujenga reli ya TAZARA na kazi nyingine za kuisaidia nchi yetu. Kila mmoja ana kaburi lake na jina lake, na kila mwaka watu huja kuweka mashada. Hilo ni jambo la heshima, na Chama chetu kimeliheshimu daima, kwa kuwa ndugu wale walikufa mbali na kwao kwa ajili ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini ukitoka pale ukapanda kilima, ukatembea siku mbili kando ya reli ya kwanza ya nchi hii ya kati, mpaka Soga na Mbwawa, hukutani na jiwe lenye majina ya waliokufa wakiijenga. Sisi tumepita, na hatukuliona. Aliyekuja kutoka Beijing ana kaburi la kuzuriwa. Aliyekuja kutoka Unyanyembe, au aliyeletwa na minyororo kutoka Umatumbi, hana hata kibao cha mti.

Wengine watasema kwamba yale ni mambo ya mkoloni, na tuyaache yaende naye. Hatukubali. Mkoloni alikwenda zake. Tuta lilibaki, na Watanganyika walilitumia kwa mambo ambayo mkoloni hakuyakusudia. Mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulishikwa na wafanyakazi wa reli, ukapanda na reli yenyewe kwenda bara, mji baada ya mji. Mwaka 1960, katika mwaka wa mwisho kamili kabla ya Uhuru, wafanyakazi wa chama cha reli, TRAU, ambacho katibu wake mkuu alikuwa Kasanga Tumbo, walikaa nje ya kazi kwa zaidi ya miezi miwili. Mtu aweza kubishana na siasa alizoshika Ndugu Tumbo baadaye. Hawezi kubisha kwamba wanaume wale walilala na njaa kwa miezi ili mshahara wa Mwafrika uwe mshahara wa mtu.

Na Pugu yenyewe yatuhusu kwa karibu zaidi. Mwalimu Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, kazi yake ya ualimu ilikuwa katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Hapo ndipo alipokuwa akiishi TANU ilipozaliwa, tarehe 7 Julai 1954, na hapo ndipo alipoiacha kazi mwezi Machi 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, kwa kuwa alitakiwa achague baina ya ubao na siasa. Mwanachama anayepanda kilima cha Pugu kwa jasho lake mwenyewe atakumbuka kwamba safari ya kutoka kilimani hapo kwenda mjini kwenye mikutano ilikuwa sehemu ya kazi ya kuleta Uhuru. Mwezi Februari 2022 ilifunguliwa Kibaha Shule ya Uongozi yenye jina lake, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Twashauri wanafunzi wa shule ile watembee njia hii angalau mara moja kabla hawajapewa vyeti. Si mbali.

Turudi njiani. Baada ya Pugu ardhi hushuka polepole kuelekea magharibi. Kushoto na kulia ilikuwa misitu: Pugu na Kazimzumbwi kwanza, kisha msitu wa Ruvu Kusini ulioshikana na Kisarawe na Kibaha pamoja. Twasema ilikuwa, kwa sababu sehemu kubwa ya Ruvu Kusini imekwisha kuliwa na tanuri za mkaa. Vichwa vya treni vya mvuke navyo vilichoma kuni katika siku zake, lakini moto wa treni ulikuwa mmoja, na majiko ya Dar es Salaam ni mamilioni. Pugu na Kazimzumbwi zimeunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, nalo ni jambo jema. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi. Mti ukianguka Kisarawe, maji ambayo mizizi ingeyazuia hushuka na mchanga wake mpaka Jangwani, na mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyenunua gunia la mkaa mwezi uliopita huamka kitanda chake kikielea. Mambo haya hufundishwa darasani kwa maneno marefu. Kilimani yaonekana kwa macho.

Ukifika upande wa Soga na Mbwawa umekwisha kuingia katika nchi ya mihogo, mikorosho na minazi, na huko mbele bonde la Ruvu lalala kama mkeka. Udongo wa bondeni ni wa mafuriko, mweusi, wenye kuvimba masika na kupasuka kiangazi, na reli ikilala juu yake huinuka na kushuka kama mgonjwa anayepumua. Kokoto za kuituliza hazipatikani pale, kwani nchi ya mchanga haina jiwe gumu; hapana budi ziletwe kutoka mbali. Hapo Ruvu ndipo kilipounganishwa kipande cha reli kinachokwenda Mnyusi, kilichofunguliwa mwaka 1963. Kwa nusu karne Wajerumani na Waingereza waliacha reli ya Tanga na reli ya kati zisijuane, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kazi moja tu, kubeba mali kwenda kwenye meli. Hawakuona sababu ya mtu wa Tanga kumtembelea wa Tabora.

Mwenye nguvu za kuendelea na apande treni, maana njia iliyobaki ni ndefu. Kidugalo atapita juu ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasi, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 160, ambayo ndani yake mna mabaki ya wanyama wa baharini, ingawa bahari leo haionekani wala kunukia. Ngerengere mawe ni ya kale zaidi, na Morogoro, chini ya Uluguru, ni mwamba wa msingi wa Afrika wenyewe. Kwa hiyo atokaye pwani kwenda Morogoro husafiri akirudi nyuma katika umri wa dunia, kituo baada ya kituo, kwa nauli ya kawaida.

Liko jambo jingine ambalo katika nchi yetu mtu hulisoma vizuri zaidi katika wilaya hizi mbili. Reli ya Wajerumani ina upana wa mita moja baina ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na inayopita Kisarawe upande wa Mzenga, ina milimita 1,067, ili mabehewa ya Zambia yapate kupita. Reli ya umeme ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kwenda juu ya nyingine. Mwalimu wa historia akiwa na kamba ya kupimia na ruhusa ya stesheni masta, ataweza kuwafundisha watoto kwa asubuhi moja nani alikuwa bwana wa nchi na lini, na nani alikuwa rafiki.

Twahofu kwamba muda si mrefu. Reli ya zamani ingali yapitisha treni, lakini abiria wamehamia kwenye ile mpya, na kituo kisicho na abiria huanza kupoteza milango, kisha mabati, kisha matofali. Mataruma ya chuma yana bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mchanga wa Pugu wahitajiwa na kila ajengaye Dar es Salaam, na kijiko kimoja kwa wiki moja chaweza kufuta mkato uliochimbwa kwa karai kwa miezi. Hatudai jumba la makumbusho lenye vioo. Twadai vibao vichache vya saruji vyenye maandishi ya Kiswahili kwenye handaki, kwenye mkato na kwenye vituo vya zamani. Twadai Halmashauri za Kisarawe na Kibaha, Shirika la Reli na Wakala wa Huduma za Misitu wakae meza moja na kuitia njia hiyo katika ramani. Na twadai jiwe moja, Pugu, kwa ajili ya waliokufa kati ya mwaka 1905 na 1907.

Majina yao mengi hayatapatikana tena. Lakini ya waliowafuata yangalipo. Wazee waliofanya kazi katika magenge ya njia baina ya Pugu na Ruvu kabla ya reli ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 wangali hai Soga, Mbwawa na Kisarawe. Twawaomba makatibu wa matawi wawaendee nyumbani na daftari, wasiwaite ofisini, na waandike jina la mzee, kijiji alikotoka, namba ya genge lake, mnyapara wake alikuwa nani, na mahali ambapo ukingo uliporomoka na mwaka wake. Na yeyote mwenye kipande cha kazi cha babu yake, hata kiwe kimeliwa na mchwa nusu, asikitupe. Akipeleke kwenye tawi kinakiliwe, kisha arudishiwe mkononi.